Mwalimu Zuhura na Mafundo Ishirini na Saba

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani, mwombe mteja asubiri. Leo tunamkumbuka mwalimu wa watoto wadogo. Jina lake Zuhura Kibwana. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alifariki mwezi wa nne mwaka huu, siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, katika kitongoji cha Lusegwa, huko juu milimani Uluguru.

Nasema mapema, usije ukanilaumu baadaye: kumbukumbu hii inatisha. Nimeiandaa kwa wiki tatu, na kila nilipofika katikati niliinuka kwenda kunywa maji. Mwalimu Zuhura mwenyewe alikuwa mtu wa woga, na wala hakuficha. Aliogopa mlima. Aliogopa mto. Zaidi ya vyote aliogopa kupotelewa na mtoto wa mtu. Kazi yake yote aliifanya huku anaogopa, na mimi kwa hilo namvulia kofia.

Zuhura alizaliwa Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Unayepajua Dakawa unajua kule ni tambarare tupu. Dada yake mkubwa, Bi Amina, ananiambia kwamba utotoni mwao kitu kirefu walichowahi kupanda ni tuta la mfereji. "Na hata hapo Zuhura alishuka kwa makalio," anasema. Anacheka, halafu anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Alisomea ualimu. Akafundisha chekechea Morogoro Mjini kwa miaka sita. Mwaka 2021 barua ya ajira ikatoka, na ikampeleka Lusegwa, kwenye shule shikizi. Kwa wasiojua, shule shikizi ni darasa linalojengwa karibu na makazi ya watu, ili watoto wadogo wasitembee mbali kuifuata shule yenyewe. Lusegwa lilikuwa darasa moja tu, la awali. Watoto wa miaka mitano, wengine sita.

Bodaboda ilimfikisha mwisho wa barabara. Kijana akazima pikipiki, akamwambia, "Kuanzia hapa ni miguu, dada." Ni saa moja na nusu ya kupanda. Kwenye kona ya tatu njia inakuwa nyembamba. Mkono mmoja una ukuta wa udongo, mkono wa pili hauna kitu. Ukitazama chini unaona mapaa ya bati ya watu unaowasikia wakikohoa.

Aliyemkuta hapo ni Mama Catherine, ambaye baadaye alikuwa mpishi wa uji pale shuleni. Anasimulia hivi: "Nilimkuta amekaa katikati ya njia, kashika majani kwa mikono miwili. Nikamuuliza, mwanangu, unaumwa? Akasema, hapana mama, naogopa. Nikamuuliza, unaogopa nini? Akasema, chini."

Mama Catherine akamshika mkono, wakapanda. Mwalimu alifika kituo chake cha kazi amefumba macho.

Sasa utaniuliza, wewe mtangazaji umeyajuaje ya moyoni mwake? Nyuma ya kanisa la kigango pale Lusegwa kuna jiwe ambapo mtandao wa simu unashika. Kila siku baada ya masomo Mwalimu Zuhura alisimama kwenye jiwe lile, akamrekodia dada yake ujumbe wa sauti. Bi Amina hakufuta hata mmoja. Ziko zaidi ya mia nane, na amenisikilizisha nyingi. Ninayowaambia leo nimeyasikia kwa sauti ya marehemu mwenyewe.

Katika wiki ya kwanza anasema hivi: "Dada, watoto wa huku wanakimbia kwenye ukingo kama wako sebuleni. Mimi moyo unasimama. Nikiwaachia saa ya kutoka naenda kujifungia chooni, nisione." Wiki ya pili anasema: "Dada, nimepata wazo."

Wazo lenyewe lilikuwa kamba. Kamba nene ya katani, aliyoinunua mjini. Akaifunga mafundo, kila mtoto na fundo lake. Watoto wa umri ule hawajui kusoma, kwa hiyo kila fundo alilishonea alama. Hapa kitambaa chekundu. Pale kifungo cha shati. Pale ganda la konokono, pale unyoya wa kuku. Mwaka huu watoto walikuwa ishirini na saba. Mafundo ishirini na saba.

Saa ya kutoka, kila mtoto alishika fundo lake, kisha wakaitika mmoja mmoja. Konokono yupo! Unyoya yupo! Fundo moja likikaa kimya, hakuna aliyenyanyua mguu. Mama Catherine alitangulia mbele, Mwalimu alishika mkia wa kamba, wakatembea hadi njia panda walikosubiri wazazi. Na humo humo akafundishia. Nani yuko mbele yako? Nani yuko nyuma yako? Ukihesabu kuanzia kwa Kifungo, wewe ni wa ngapi? Watoto walijua namba na rangi kwa miguu na viganja kabla hawajashika penseli.

Wapo walionung'unika. Mmoja alikuwa Benedikto, mkulima wa karoti na kabichi, mjumbe wa kamati ya shule. Benedikto analea watoto wawili wa dada yake, maana kwa Waluguru mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada. Mkubwa anaitwa Magdalena, ana miaka mitano, alikuwa darasani kwa Mwalimu. Mdogo wake anaitwa Wilfred, ana miaka mitatu. Siku moja Mjomba Benedikto alisimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, mimi nimeleta mtoto asome. Anarudi kila siku anasimulia kamba. Kamba hata mbuzi wangu anayo."

Zuhura hakugombana naye. Alimwomba afumbe macho, apapase kamba, atafute fundo la Magdalena. Benedikto akapapasa, akapapasa, akashika la mtoto wa jirani. Magdalena akafumba macho na kulipata la kwake mara moja. Tangu siku hiyo mjomba alipunguza maneno. Hakuacha, alipunguza.

Nisikilizeni kwa makini hapa, wasikilizaji wapendwa. Nitalirudia jambo hili ili lisimpite mtu. Wilfred, yule wa miaka mitatu, hakuwa mwanafunzi. Umri haukutimia. Lakini mama yake alikuwa akishuka mjini na mboga, na mjomba akienda shambani, kwa hiyo kila asubuhi Wilfred alimfuata dada yake shule. Mwalimu angemrudisha wapi, akakae peke yake na jiko la kuni? Akamwachia. Wilfred alicheza humo, na usingizi ukimshika alilala kwenye gunia, nyuma ya kibanda kidogo cha maboksi, walichokiita duka, ambapo watoto walijifunza kuuza na kununua.

Wilfred hakuwa kwenye daftari la mahudhurio. Na hakuwa na fundo.

Kwa nini hakuwa na fundo? Ujumbe mmoja wa sauti unajibu. Zuhura anasema: "Dada, nikimpa fundo yatakuwa ishirini na nane, na kwenye daftari wako ishirini na saba. Akija mtu kukagua, akahesabu kamba, nitasema nini? Wataniambia nimrudishe nyumbani." Basi kila alipokuja mgeni, Mama Catherine alimbeba Wilfred mgongoni na kumpeleka jikoni. Na saa ya kutoka Wilfred hakushika kamba. Alibebwa, siku nyingine na Mwalimu, siku nyingine na Mama Catherine. Yeyote aliyekuwa karibu.

Mwezi wa nne ukaingia. Masika ya mwaka huu mnayajua. Siku ya Jumatatu ya wiki ile mlango wa darasa ulikataa kufunga. Mjomba Benedikto akaja na randa, akasema mbao zimevimba kwa mvua, akauranda ukakaa sawa. Jumanne ukakataa tena. Akauranda tena. Jumatano ukagoma kabisa, na sauti ya Zuhura siku hiyo ni ndogo, anaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Dada, mlango umekataa tena. Wote wanasema ni mbao. Mimi nimeuona ukuta, dada. Fremu imelala upande. Nimewaambia, wakacheka. Wanasema Mwalimu wa Dakawa anaogopa hadi mlango."

Bi Amina alimjibu, "Mdogo wangu, ukiogopa toka na watoto. Wacha wakucheke." Jibu hilo Zuhura alilisikia. Alama zake mbili za buluu zipo hadi leo.

Alhamisi. Mvua siku ya tatu mfululizo. Saa nne ya asubuhi, uji uko jikoni, watoto wako ndani. Mto uliokuwa chini ya darasa haukuwa unavuma tena, ulikuwa unagonga, kwa sababu ulikuwa unaviringisha mawe. Mtoto mmoja alikuwa amechuchumaa peke yake pembeni na vizibo vya soda vya kuhesabia. Alikuwa anavidumbukiza kimoja kimoja kwenye ufa wa sakafu. Mwalimu akamfuata amwambie aache.

Mtoto akainua uso. Akamwambia, "Mwalimu, havigongi chini."

Mama Catherine alikuwa anaingia na sufuria ya uji wakati huo huo, na maneno hayo aliyasikia. Anasema uso wa Mwalimu ulibadilika rangi. Lakini hakupiga kelele. Hiki ndicho kinachonishangaza mimi. Mwanamke anayeogopa hadi mlango alikwenda polepole kwenye msumari, akatungua kamba, akageuka, akatabasamu. "Haya, leo tunacheza kamba mapema. Tunakwenda kanisani. Nani ataitika kwa sauti ya chini kabisa, hata panya asimsikie?"

Watoto wakafurahi. Wakaitika kwa kunong'ona. Konokono yupo. Unyoya yupo. Kifungo yupo. Mafundo ishirini na saba, watoto ishirini na saba. Mlango ulikuwa umebana nusu wazi. Mama Catherine akapenya nje akauvuta na Zuhura akausukuma kwa bega, ukafunguka kwa mlio, wakatoka.

Kutoka darasani hadi kigangoni ni kama hatua mia nne, kwenye njia ya ukingoni. Mama Catherine mbele, Mwalimu nyuma. Udongo unateleza. Zuhura alihesabu katikati ya njia, ishirini na saba. Walipofika kanisani, kwenye mwamba mgumu, akahesabu tena, ishirini na saba. Akasema "Alhamdulillahi" na kukaa chini mlangoni.

Magdalena akamjia, akamvuta nguo. "Mwalimu, tumemwacha Wilfred. Amelala dukani."

Mama Catherine alimtazama Mwalimu mgongoni. Mwalimu alimtazama Mama Catherine mgongoni. Kila mmoja alijua mwenzake kambeba.

"Nilimshika kanga," anasema Mama Catherine. "Nilimwambia, Mwalimu, subiri wanaume. Akasema, Mama Catherine, wanaume wako mashambani. Meno yalikuwa yanagongana. Nikasema basi niende mimi. Akasema, wewe magoti yako mabovu. Kanga ikabaki mkononi mwangu, yeye akaenda."

Miaka minne na zaidi Zuhura hakuwahi kupita njia ile peke yake. Kila siku alikuwa ameshika kitu: mkono wa mtoto, mkia wa kamba, kiwiko cha Mama Catherine. Siku hiyo hakuwa na cha kushika. Walimwona kutoka mlango wa kanisa. Penye wembamba alikaa chini, akasogea kwa makalio, uso ameugeuzia ukutani asione chini. Alipovuka alisimama, akakimbia, akaingia ndani ya darasa.

Wakasikia anaita. "Wilfred! Wilfred!" Wakasikia maboksi yanaanguka. Akatoka, akazunguka jikoni, akazunguka choo. "Wilfred!" Akaingia tena ndani. Mama Catherine alikuwa amewageuza watoto watazame altare, akawaambia waimbe. Wakaimba, lakini katikati ya wimbo bado jina lile lilisikika.

Wasikilizaji wapendwa, Wilfred hakuwemo. Narudia, Wilfred hakuwemo darasani. Saa tatu na nusu, kabla ya uji, Mjomba Benedikto alikuwa akipita kutoka shambani akikimbia mvua. Alimkuta Wilfred amesimama nje chini ya upenu, anakojoa. Akamfunika kwa koti na kwenda naye nyumbani kwake, ng'ambo ya mto, mto ukiwa bado unavukika. Hakubisha hodi. Hakusema na mtu.

Nilimuuliza kwa nini. Mjomba Benedikto ni mtu mzima, ana mvi. Alijibu akiangalia mikono yake. "Magdalena ni mwanafunzi. Yule nisingemtoa bila ruhusa ya Mwalimu. Huyu mdogo nikasema hayumo kwenye hesabu, nimwage nani?"

Sasa alikuwa nyumbani, ng'ambo, mtoto kapakatwa, anamlisha kiazi. Upepo ukamletea sauti ya mwalimu inaita jina la mtoto aliye mapajani mwake.

Maneno haya ni ya Benedikto, nayasoma kama alivyonipa. "Nilitoka nimembeba. Nikapiga kelele, Mwalimu, yuko kwangu! Mto ukaimeza sauti. Nikashuka hadi ukingoni. Nikamnyanyua mtoto juu, juu kabisa, kwa mikono miwili. Mwalimu akatoka mlangoni, akatuona. Aliweka mikono kichwani. Nikajua ametuona. Halafu akaanza kupunga mkono. Mimi nikadhani anafurahi, nami nikampungia. Kumbe alikuwa ananifukuza. Ukingo niliosimama ulikuwa unamegeka. Akapunga kwa nguvu, rudi, rudi, rudi nyuma na mtoto. Nikarudi. Nilipogeuka tena, darasa halikuwepo."

Darasa halikuwepo. Mlima ulishuka nalo, na jiko, na choo. Mwalimu Zuhura alikuwa bado hajatoka mlangoni pake.

Walimpata Ijumaa mchana. Wanaume wa Lusegwa walimbeba mabegani kwa zamu hadi barabarani, njia ile ile ya kona ya tatu. Mama Catherine alitembea ubavuni, upande wa bonde. Alipoulizwa kwa nini hakai nyuma na wanawake wenzake, alisema Mwalimu hapendi kuuona ule upande.

Alizikwa Dakawa Jumamosi, mahali pa tambarare. Watu wa mlimani walikodi magari mawili, Wakristo watupu, wakasimama makaburini na kofia zao mikononi bila kujua wainuke lini na waketi lini. Baada ya dua Benedikto alikwenda hadi kwa baba wa marehemu, Mzee Kibwana, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka. Bi Amina alikuwa karibu na aliyasikia yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi ndiye niliyemchukua mtoto bila kusema."

Bi Amina anasema aliogopa. Alijua hasira za baba yake. Benedikto alipiga magoti, kichwa chini, anasubiri chochote kitakachokuja.

Halafu mzee akauliza, "Mtoto yupo?"

"Yupo, mzee. Yuko garini na mama yake."

"Mlete nimwone."

Wakamleta Wilfred. Mzee alimshika bega, akamtazama usoni muda mrefu, akamtazama miguu, akamtazama mikono, kama anayekagua kama kuna kilichopungua. Kisha akamkalisha mkekani, kando yake, na hapo mtoto akakaa hadi watu walipotawanyika.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa studio natoa pole kwa Mzee Kibwana, kwa Bi Amina na kwa ukoo mzima wa Dakawa. Pole kwa Mama Catherine, ambaye bado ana ile kanga. Pole kwa wazazi wa Lusegwa, ambao watoto wao ishirini na saba wako hai leo hii kwa sababu mtu mmoja hakuona aibu kuogopa. Pole kwako pia Mjomba Benedikto, ninajua unasikiliza, maana uliniomba niseme kila kitu na nisipunguze. Mwenyezi Mungu amrehemu mja wake Zuhura, amlaze mahali pema.

Na wewe uliyebaki, nina ombi. Leo mchana utakwenda kumchukua mtoto chekechea. Mtoto wako, wa dada yako, wa jirani, aliyeandikishwa na asiyeandikishwa. Usimvute mkono getini kimyakimya ukaondoka. Mtafute mwalimu, hata kama mvua inanyesha, hata kama una haraka. Mwambie, Mwalimu, huyu nimemchukua. Halafu subiri akujibu.